Mwacheni Sungura na Utundu Wake

Chukua kitabu chochote cha hadithi cha mtoto wa miaka minne kutoka kwenye rafu za duka la vitabu la Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Maandishi ni makubwa, picha zinavutia, wanyama wanazungumza. Sungura ameiba karanga, au tumbili amejivika kofia ya mwenye shamba, au mbuzi amekula nguo zilizoanikwa. Mtoto anayesomewa anacheka hadi anagaagaa. Halafu unafika ukurasa wa mwisho, na mara nyingi pale pana neno ambalo kila aliyepita shule ya msingi analijua: Maswali. Sungura alikuwa na tabia gani? Je, alichofanya ni kizuri au kibaya? Hadithi hii inatufundisha nini?

Kicheko kinakatika. Mtoto anajua kwamba sasa anapimwa, na majibu ameshayakariri kwa sababu hayabadiliki kutoka kitabu hadi kitabu: wizi ni mbaya, tuwatii wazazi, mkaidi hafaidi. Anayatoa harakaharaka ili kitabu kifungwe, aende zake.

Ukurasa huo uondolewe. Uondolewe kwenye kila kitabu cha picha kinachoandikiwa mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza, na pale ulipokwisha kuchapwa, mzazi na mwalimu wa chekechea wauruke bila kuona haya. Mnyama mtundu kwenye kitabu cha picha ni mojawapo ya zawadi kubwa anazoweza kupewa mtoto mdogo, na njia ya hakika ya kuiharibu zawadi hiyo ni kumsimamisha mnyama huyo kizimbani mara tu vituko vyake vinapokwisha.

Wapo wazazi watakaoikataa hoja hii, na sababu yao ni ya maana. Mtoto huiga. Akimwona nyani akiiba embe na kupona, kesho naye ataiba. Kwa hiyo, wanasema, nyani akipata adhabu mwishoni, au angalau akikemewa na mzee kobe, mtoto atakuwa amekunywa dawa ndani ya asali. Wazo hilo limetawala vitabu vya watoto kwa miaka mingi, si Afrika Mashariki peke yake. Tatizo ni kwamba waliolipima hawakuona kama linafanya kazi.

Mwaka 2017 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea, walitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha watoto wa miaka minne hadi sita. Watoto walipewa stika na kuambiwa wanaweza kumgawia mwenzao asiye nazo. Baadaye kundi moja lilisomewa kitabu kinachofundisha kugawana, ambacho mhusika wake ni rakuni mdogo, yule mnyama wa Marekani anayesifika kwa kupekua mapipa ya taka. Kundi la pili lilisomewa hadithi ileile, ila wanyama walitolewa wakawekwa watoto wa binadamu. Kundi la tatu lilisomewa kitabu cha mbegu. Stika zilipogawiwa tena, waliosomewa hadithi ya watoto wenzao walitoa nyingi kuliko mara ya kwanza. Waliosomewa hadithi ya rakuni walitoa pungufu.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Kang Lee na wenzake walikuwa wameuliza swali lingine: je, hadithi yenye adhabu humfanya mtoto aseme ukweli? Watoto wa miaka mitatu hadi saba waliachwa peke yao na kuambiwa wasigeuke kutazama kitu cha kuchezea kilichokuwa nyuma yao. Wengi waligeuka. Kabla ya kuulizwa, walisomewa hadithi. Hadithi ya Pinocchio, ambaye pua yake hurefuka anapodanganya, haikuwafanya waseme kweli zaidi. Hadithi ya mchunga kondoo aliyezoea kupiga kelele za uongo za mbwamwitu nayo haikusaidia. Iliyosaidia ni ile ya George Washington alipokuwa mtoto, aliyekiri kwa baba yake kwamba ameukata mti, baba akamsifu kwa ukweli wake. Watafiti walipobadilisha mwisho wa hadithi hiyo wakaweka ubaya wa kudanganya badala ya sifa ya kusema kweli, nguvu yake ilitoweka.

Majaribio hayo yalifanywa mbali na Tabora au Kisumu, na tabia ya mtoto haijengwi na kitabu kimoja cha asubuhi moja. Hata hivyo yanatosha kumfanya mwandishi wa vitabu vya watoto asite. Anayemtumia fisi au tumbili kama mhubiri amechagua mhubiri dhaifu. Mtoto wa miaka mitano anajua vizuri sana kwamba yeye si fisi. Kinachomfikia kutoka kwa mnyama wa kitabuni ni kitu kingine, na hicho ndicho kinachostahili kulindwa.

Wengine wana pingamizi la pili, la heshima zaidi: kwamba hadithi za mababu zilikuwa na mafunzo, na kuyaondoa ni kuiga wageni. Hapo inafaa kuzirudia hadithi zenyewe. Zipo kweli zenye adhabu. Fisi aliyenusa nyama mahali njia zilipogawanyika, akataka kuzifuata njia zote mbili hadi akapasuka msamba, ni hadithi inayojulikana kuanzia pwani hadi maziwa makuu, na haihitaji swali lolote mwishoni kwa sababu picha ya fisi huyo inajieleza. Lakini Sungura ni habari nyingine kabisa.

Mwaka 1901 ilichapishwa huko Chicago hadithi ya Sungura na Simba katika kitabu cha George W. Bateman cha hadithi za Zanzibar. Sungura anaona nyuki kwenye mbuyu. Anamwendea Panya Buku na kumdanganya kwamba baba yake amefariki na kumwachia urithi wa mzinga wa asali. Wanapanda na majani makavu, wanawafukiza nyuki, wanakula. Mara Simba, mwenye mti, anafika na kuuliza kuna nani juu. Buku anaingiwa na woga na kujibu. Sungura anaomba afungwe ndani ya majani na kutupwa chini kama takataka, na kwa njia hiyo anapita mbele ya macho ya Simba na kutoroka. Buku anashuka na kuliwa.

Sungura anajuta? Hajuti. Anamtafuta Kobe na kurudi kwenye mbuyu uleule. Safari hii Simba anamkamata, naye Sungura anamfundisha Simba namna ya kumlainisha: amshike mkia, amzungushe, kisha ampige chini. Simba anazungusha, Sungura anachomoka mkononi. Kobe naye anamshauri Simba amsugue kwenye tope mpaka gamba litoke, na Simba anasugua hadi nyayo zake zinachubuka huku Kobe akijiondokea. Mwisho Simba anajificha nyumbani kwa Sungura. Sungura anahisi jambo, anasimama nje na kuisalimu nyumba yake, kisha anashangaa kwa sauti kwa nini leo nyumba haiitikii kama kawaida yake. Simba, ndani, anaitikia. Baada ya hapo anamfukuza Sungura mpaka anachoka, na anakubali kwamba ameshindwa.

Hapo ndipo hadithi inapoishia. Asali imeibwa mara mbili, rafiki amekufa, mwizi yuko huru na mwenye mali amechubuka nyayo. Mwalimu anayetaka kuandika "tunajifunza nini" chini ya hadithi hii atalazimika kuikata miguu kwanza. Na bado watu wazima wenye dini na adabu zao waliisimulia mbele ya wajukuu, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu walijua kitu kuhusu mtoto mdogo. Yeye ndiye mdogo kuliko wote nyumbani. Anaambiwa ale, alale, aoge, anyamaze, asishike. Kila aliyemzunguka ana nguvu kumzidi. Kiumbe mwenye masikio marefu asiye na kitu ila akili yake, anayemfanya Simba ajibu kwa niaba ya nyumba, ni wa upande wake.

Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani waliielewa hadithi ya namna hiyo kwa uchungu zaidi. Sungura wao, Br'er Rabbit, alizunguka mashambani akiwashinda mbweha na dubu miaka mingi kabla Joel Chandler Harris hajaanza kuchapisha visa vyake vitabuni mwaka 1880. Na hapa kuna jambo linalopaswa kuwauma wachapishaji wa Afrika Mashariki. Mchoraji Mmarekani mweusi Jerry Pinkney, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1939, alichora visa vya Br'er Rabbit vilivyosimuliwa upya na Julius Lester, na mwaka 1989 akamchora Sungura wa Zanzibar mwenyewe katika kitabu kilichosimuliwa na Verna Aardema, ambacho jalada lake linatamka wazi kwamba hiyo ni hadithi ya Waswahili. Rangi za maji, kurasa pana, Simba mwenye manyoya yanayotaka kuguswa. Mtoto wa Marekani amekuwa na Sungura huyo mapajani kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto wa Unguja, hadithi ilikotoka, hukutana naye zaidi katika kitabu cha kiada, kwa wino mweusi, akifuatiwa na maswali matano.

Kitabu cha picha kina uwezo ambao hata msimulizi hodari hana. Kinaweza kusema jambo moja kwa maneno na jingine kwa picha, wakati uleule, na kumwachia mtoto aone tofauti. Mfano bora wa uwezo huo, kwa bahati nzuri, umewekwa Kenya. Mwaka 1994 mwandishi na mchoraji Mwingereza Eileen Browne alitoa kitabu kuhusu msichana wa Kiluo aitwaye Handa, anayetoka kijijini kwao na kikapu cha matunda saba kichwani kumpelekea rafiki yake Akeyo. Maandishi yanafuata mawazo ya Handa tu: je, Akeyo atapenda ndizi, au pera, au chungwa? Hayataji mnyama hata mmoja. Lakini kwenye picha, nyuma na juu ya Handa, nyani anachomoa ndizi. Mbuni anachukua pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia kwa pasheni. Kikapu kimebaki kitupu na Handa hana habari. Kisha mbuzi anakata kamba yake, anaparamia mchenza, na machenza yanamiminika ndani ya kikapu.

Msomee mtoto wa miaka mitatu kurasa tatu za kwanza kisha mtazame. Ameshaelewa kwamba sauti ya mama haijui anachokijua yeye. Anaashiria kwa kidole, anapiga kelele, anamwita Handa ageuke. Huenda ni mara ya kwanza maishani mwake kwa yeye kuwa na habari kuliko maandishi, kuliko mhusika, na kama mama ana busara ya kujifanya hajaona, kuliko mama pia. Watoto wa Moshi au Diani, ambao tumbili wa kweli huwachukulia matunda yao barazani, wana la kuongeza kutoka nyumbani. Hakuna mnyama anayeadhibiwa katika kitabu hicho, na mbuzi mharibifu ndiye anayeokoa zawadi. Hakuna mtoto aliyewahi kuhitaji kuelezwa kwamba kuiba tunda la Handa si haki. Ndiyo maana anapiga kelele.

Hata pale mtundu anapopata tabu, waandishi wakubwa hawakuigeuza tabu hiyo kuwa hotuba. Beatrix Potter alianza kisa cha sungura Peter kama barua yenye vichoro, aliyomwandikia mtoto mgonjwa, Noel Moore, tarehe 4 Septemba 1893. Wachapishaji walipokikataa, alikichapisha mwenyewe mwaka 1901, nakala 250, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kwa rangi. Potter alishikilia kitabu kiwe kidogo, cha kutosha mikono midogo. Ndani yake mama anawaambia wanawe, bila kupepesa macho, kwamba baba yao alipikwa na mke wa mwenye shamba. Peter anakwenda shambani humohumo. Anapoteza koti na viatu, anaponea chupuchupu, anarudi nyumbani akiwa hoi. Mama hampigi wala hamsemi. Anamlaza na kumpa chai ya dawa, huku dada zake watiifu wakipata mkate, maziwa na matunda. Mtoto anayapima hayo mwenyewe, na kila mtoto huyapima kivyake: mmoja anamwonea huruma Peter, mwingine anataka kujua zaidi habari za baba aliyepikwa.

Mo Willems alikwenda mbali zaidi mwaka 2003 kwa kumtumia njiwa anayeng'ang'ania kuendesha basi. Dereva anaondoka na kumwachia msomaji kazi ya kumkatalia. Njiwa anabembeleza, anaahidi, analia, anafoka. Mtoto ambaye amesikia "hapana" tangu asubuhi anapata, kwa dakika tano, cheo cha kuitamka yeye, na anaitamka kwa sauti ya mzazi wake. Mzazi hujisikia mwenyewe akirudiwa neno kwa neno. Hadithi hii inaweza kuhamishwa kesho kwenda stendi ya daladala bila kupoteza kitu.

Si kila mnyama mtundu anayestahili kupokelewa bila macho kufunguliwa. Tumbili George, maarufu Marekani tangu 1941, ana historia inayogusa moyo: waliomwandika na kumchora, Hans na Margret Rey, walikuwa Wayahudi wa Kijerumani walioikimbia Paris kwa baiskeli Juni 1940, siku chache kabla ya jeshi la Hitler kuingia, wakiwa wamebeba michoro yake pamoja na vitu vichache tu. Lakini katika kitabu cha kwanza George anakamatwa Afrika na mwanamume mwenye kofia ya njano, anatiwa mfukoni, anapelekwa ng'ambo kwa meli, na mwishowe anaishia kwenye bustani ya wanyama, jambo ambalo kitabu kinalihesabu kuwa mwisho mwema. Humo humo anavuta kiko. Mtoto wa Afrika Mashariki akiuliza kwa nini yule bwana alimchukua tumbili kwao, hilo ni swali zuri kuliko yote yanayochapishwa kwenye ukurasa wa mwisho, na mzazi amjibu kwa ukweli. Kitabu hicho kinaweza kusomwa. Kisisomwe kama vile mwenye kofia hana kosa.

Tofauti ya maswali ndiyo yenye uzito hapa, kwa sababu kumsomea mtoto kimyakimya, yeye akitulia kama msikilizaji wa redio, nako hakutoshi. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Stony Brook katika jimbo la New York, walichukua wazazi wenye watoto wa takribani miaka miwili hadi mitatu na kuwagawa makundi mawili. Wote waliwasomea watoto vitabu vya picha kwa kiasi kilekile. Kundi moja lilifundishwa kumwachia mtoto nafasi: kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kuyarefusha kidogo maneno ya mtoto, kumsifu anapothubutu kusema. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza kwa lugha.

Maswali ya namna hiyo huulizwa katikati ya kisa, mkono ukiwa juu ya picha. Huyu nani tena? Ameshika nini? Unadhani Simba amemwona? Sasa itakuwaje? Hayana jibu moja lililoandikwa nyuma ya kitabu, na mtoto akijibu kwamba Simba hakumwona kwa sababu ana usingizi, basi Simba ana usingizi. Swali la "tunajifunza nini" linamtaka mtoto atoke kwenye kisa na kusimama nje yake. Swali la "sasa itakuwaje" linamwingiza ndani zaidi.

Msomaji wa Kiswahili ana hazina nyingine ambayo hahitaji kuinunua. Kiswahili kimejaa tanakali za sauti, na mnyama mtundu ni mtu wa kuanguka, kudumbukia, kuvunja na kukimbia. Akidondoka majini ni chubwi. Akiangukia mchangani ni tifu. Tawi linakatika kacha. Mtoto wa miaka miwili asiyeweza bado kuunganisha sentensi anaweza kusema chubwi kwa wakati wake, na kwa kusema hivyo ameshakuwa msimulizi mwenza, kama wale waliokuwa wakiitikia "pakawa" gizani. Mzazi anayesoma kwa sauti moja toka mwanzo hadi mwisho, kama anayesoma tangazo la serikali, anaiacha hazina hiyo bila kuigusa. Na mtoto akitaka kitabu kilekile usiku wa kumi mfululizo, asomewe. Anachokitafuta ni kuwa na hakika ya lini nyani ataunyoosha mkono, na furaha ya kuujua ujio wa jambo ni furaha kubwa kwa mtu ambaye mambo mengi ya siku yake huamuliwa na wengine.

Husemwa kwamba haya ni mambo ya wazazi wenye muda na elimu. Jerry Pinkney huyohuyo alijibu bila kukusudia. Kitabu chake cha simba na panya, kilichompatia medali ya Caldecott mwaka 2010, hakina maandishi ya kusoma isipokuwa milio ya wanyama, na mandhari yake ni Serengeti. Bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani anaweza kumfungulia mjukuu kitabu kama hicho na kukisimulia kwa Kisukuma, Kigiriama au Kiswahili, leo hivi, kesho vile, na hakuna atakayemwambia amekosea. Vitabu vya picha visivyo na maneno vingepaswa kuwa vingi katika nchi zenye lugha nyingi na bibi wengi kama hizi. Ni vichache mno.

Kupatikana kwa vitabu ni kikwazo cha kweli. Kuchapa kwa rangi ni ghali, na Kenya iliongeza mzigo huo mwaka 2013 ilipoanza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Njia za kupunguza makali zipo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kuwekwa mtandaoni mwaka 2014, unatoa bure vitabu vya picha vya lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mwalimu anaruhusiwa kuvichapa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Garissa, ngamia wamekuwa wakiwapelekea wafugaji vitabu tangu 1996. Mwalimu wa chekechea mwenye nakala moja na watoto 50 anaweza kukishika kitabu juu, akawageuzia picha na kuwaacha wapige kelele. Kelele hiyo ndiyo usomaji wenyewe, na mkaguzi anayepita mlangoni aambiwe hivyo.

Kazi inayobaki ni ya wachapishaji, nao wana vifaa vyote. Hadithi za Zanzibar zilizochapishwa mwaka 1901, na nyingine alizozikusanya mmisionari Edward Steere na kuzichapisha kwa Kiswahili mwaka 1870, zikiwemo habari za kima aliyemponyoka papa kwa kudai ameuacha moyo wake nyumbani, hazina tena mwenye hakimiliki wa kulipwa. Wachoraji wapo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliacha mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na warithi wake bado wanachora Oysterbay, kazi zao zikinunuliwa zaidi na watalii wanaozitundika ukutani Ulaya. Mtindo huo ulishaonyesha kwamba unafaa kwa watoto: mwaka 2010 studio ya Nairobi ilishiriki kutengeneza katuni za Tinga Tinga Tales, na vitabu vya picha vilivyotokana nazo vilitoka Uingereza.

Mchapishaji wa Dar es Salaam au Unguja na ampe mmoja wa wachoraji hao hadithi ya mbuyu wa asali. Buku aachwe aliwe, kama alivyoliwa. Simba aachwe aitikie kwa niaba ya nyumba. Karatasi iwe nzito ya kuhimili vidole vyenye mchuzi, bei iwe ya kumfaa mwalimu wa chekechea, na ukurasa wa mwisho uchorwe Sungura akiwa njiani kwenda kwenye mti mwingine.